Mtoto asiagizwe kwa jinsia yake

Hoja ya msingi ya wanaotetea kuchagua jinsia ya mtoto kabla ya mimba kutungwa ni kwamba hakuna anayedhurika. Hakuna mimba inayotolewa wala kichanga kinachotupwa. Mbegu za baba hutenganishwa maabara, zinazozaa wa kike upande huu na zinazozaa wa kiume upande ule, mama akapandikizwa zile walizokubaliana, na baada ya miezi tisa wazazi wakampakata mtoto waliyemtamani. Ukiuliza kosa liko wapi, jibu halipatikani upesi. Anayesema tu kwamba huko ni kuingilia kazi ya Mungu atawaridhisha waliokwisha kukubaliana naye. Wengine watamuuliza kwa nini dawa ya malaria au upasuaji wa uzazi si kuingilia kazi hiyo hiyo. Mimi napinga uchaguzi huu, na ninachokipinga si mashine ya maabara. Napinga hukumu ambayo mzazi anakuwa amekwisha kuitoa juu ya mtoto kabla hajamwona.

Tuanze na njia zenyewe, maana mjadala huu mara nyingi huendeshwa kana kwamba sayansi haikosei. Yai la mama hubeba kromosomu ya X. Mbegu ya baba ndiyo inayokuja na X au Y, kwa hiyo ndiyo inayoamua. Mbegu yenye X ina vinasaba vingi kidogo kuliko yenye Y, tofauti ya karibu asilimia 2.8. Juu ya tofauti hiyo ndogo, watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani walibuni namna ya kuzitenganisha mbegu za mifugo, ili mfugaji wa ng'ombe wa maziwa apate mitamba badala ya madume. Katika miaka ya 1990 kituo kimoja cha uzazi cha jimbo la Virginia kiliihamishia kwa binadamu kwa jina la MicroSort. Wazazi waliotaka binti walifanikiwa takriban mara 9 kati ya 10. Waliotaka mvulana, takriban mara 3 kati ya 4. Mamlaka za Marekani hazikuiidhinisha kamwe, na leo kliniki nyingi hutumia njia nyingine: yai hurutubishwa nje ya mwili, kiinitete kikapimwa, na chenye jinsia isiyotakiwa kikaachwa. Kwa hiyo yale maneno "kabla ya mimba" yanamaanisha kabla ya kupandikiza, si kabla ya uhai kuanza kujijenga, na anayejali viinitete hana sababu ya kutulia.

Lakini tuseme njia ni ile ya mbegu pekee, isiyogusa kiinitete hata kimoja. Hapo ndipo ile robo iliyoshindikana inapodai maelezo. Wazazi walilipa ili wapate mvulana, akazaliwa msichana. Ni mzima, analia, ananyonya, na tayari yeye ni kosa la maabara. Mtetezi atajibu kwamba wazazi wengi watampenda hata hivyo, na naamini wengi watampenda. Tatizo ni kwamba sasa anahitaji kusamehewa kwa alivyo, jambo ambalo binti aliyezaliwa bila kuagizwa pengine alilihitaji kwa mjomba au bibi fulani, lakini si kwa wazazi waliokwisha kulipa fedha ili asije. Na yule mvulana aliyepatikana naye hakusalimika. Ameitwa duniani ili ashike jina, arithi shamba, awazike wazee. Akikua akataka maisha mengine, atakuwa amevunja mkataba ambao hakuusaini. Mtoto anayepokelewa kwa sharti huishi chini ya sharti hilo, hata asipoambiwa kamwe.

Mtetezi wa uhuru wa mtu binafsi ataniambia kwamba hayo ni mambo ya ndani ya nyumba, dola haina haki ya kuyachungulia. Ningekubali kama kila nyumba ingeishi peke yake. India imeonyesha kwamba haiko hivyo. Sensa ya 1991 ilihesabu wasichana 945 kwa kila wavulana 1,000 wa umri wa chini ya miaka 7. Mwaka 2001 wakawa 927, na mwaka 2011 wakawa 918. Hakuna aliyeamuru hilo. Kila familia iliamua lake, nyingi zikiwa na sababu ambazo jirani angezielewa, na jumla ya maamuzi hayo ikawa mamilioni ya wasichana ambao hawapo. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya pengo hilo ilitokana na kipimo cha picha cha ultrasaundi na utoaji mimba, si kutenganisha mbegu. Ila jimbo la Haryana, ambako wanaume waliokosa wachumba wameletewa wanawake walionunuliwa kutoka majimbo maskini, halikuumizwa na namna ya kuwazuia mabinti. Liliumizwa na kukosekana kwao. Njia safi zaidi, isiyo na damu wala fedheha, ingefikisha hapo hapo, tena kwa watu wengi zaidi, kwa sababu ingeondoa woga uliokuwa ukiwazuia baadhi yao. Bunge la India lililiona hilo: sheria yake ya 1994 ilihusu vipimo vya wakati wa ujauzito, na marekebisho yaliyoanza kutumika 2003 yakajumuisha pia uchaguzi wa kabla ya mimba.

Wapo wanaosema Afrika Mashariki haina pengo la namna hiyo, na wako sahihi kwa leo. Familia iliyotaka mvulana ilikuwa na njia yake: kuendelea kuzaa. Njia hiyo inazibika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta 3.4. Anayepanga kuzaa wawili au watatu tu, na bado anaamini kwamba nyumba bila mvulana haina mwenyewe, ndiye mteja ambaye kliniki inamsubiri.

Kuna tofauti moja ninayoikubali bila kusita. Himofilia na ule ugonjwa wa kudhoofika misuli wa Duchenne huwapata hasa wavulana, na ni kwa ajili ya familia zenye magonjwa ya aina hii kwamba Alan Handyside na wenzake katika hospitali ya Hammersmith, London, walianza kupima jinsia ya viinitete karibu mwaka 1990. Mzazi huyo anakimbia maumivu, si mvulana. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa 1997 uliweka mpaka papo hapo, na sheria ya Uingereza ya 2008 vilevile. Yule anayetaka "kusawazisha" familia, mwenye wavulana watatu akatamani binti, yuko mbali zaidi na mpaka huo kuliko anavyodhani. Sidhani ana chuki na mtu. Hata hivyo anayemtaka ni binti wa fikra zake, wa kusukwa nywele na kuwa karibu na mama, na yule atakayezaliwa anaweza kuwa mwingine kabisa.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linatoka kwingine. Kuna mwanamke mwenye mabinti wanne, mume anatishia kuoa mke wa pili, wakwe wanamhesabia, na mimba ya tano inaweza kumuua. Ingekuwa ukatili kumnyima njia ya kupata mvulana mara moja akapumua? Huruma hiyo ni ya haki, na asiye nayo asiandike sheria. Ila tazama kitakachofuata. Leo akizaa binti anaweza kujibu, kwa haki kabisa, kwamba mbegu ya mumewe ndiyo iliyoamua. Siku huduma hiyo ikipatikana mjini, jibu hilo limekufa: ataulizwa kwa nini hakwenda, kwa nini hakuuza kiwanja, kwa nini hakukopa. Na wale mabinti wanne watakua wakijua bei iliyolipwa ili asije wa tano.

Wengine husema marufuku ni kazi bure, watu watavuka mpaka. Korea Kusini inawaunga mkono nusu. Mwaka 1987 iliwakataza madaktari kutaja jinsia ya mtoto aliye tumboni, lakini kufikia 1990 walizaliwa wavulana zaidi ya 116 kwa kila wasichana 100, wakati kawaida ni karibu 105. Kilichobadilika baadaye ni maisha yenyewe: mabinti wakasoma, wakapata kazi, wakapewa haki sawa ya mirathi, na ule mfumo wa kisheria uliomfanya mwanamume kuwa mkuu wa ukoo ukafutwa. Mnamo 2007 uwiano ulikuwa umerudi karibu na kawaida. Nchini Tanzania, tangazo la sheria za kimila la 1963 liliwaweka mabinti daraja la tatu katika mirathi, nyuma ya kaka zao wote, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka serikali iondoe ubaguzi huo, baada ya wajane wawili kulalamika. Huko ndiko hamu ya mvulana inakolishwa.

Kwa hiyo nataka yote mawili, na yaende pamoja: mirathi iwe sawa kwa sheria zote, na kliniki zikatazwe kuuza au kutangaza uchaguzi wa jinsia usio wa tiba. Adhabu imfuate mwenye kliniki na mtangazaji. Sheria ya India inaielekeza mahakama imchukulie mjamzito aliyepimwa kuwa alilazimishwa na mume au ndugu, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wabunge wetu wakiandika sheria ya uzazi wa kusaidiwa, waiandike na kifungu cha namna hiyo, kisha kimhusu pia mwanamke anayepelekwa kliniki kabla hajashika mimba.