Cyangugu ya kale iandikwe kabla haijabomolewa

Mwaka 2006 ulipofanyika mpango mpya wa utawala, mkoa wa Cyangugu ulifutwa, nasi tukawa watu wa wilaya ya Rusizi. Jina hilo sina ugomvi nalo, maana ni mto huo uliotulea. Ugomvi wangu ni na usahaulifu.

Siku hizi soko na pilikapilika ziko juu, Kamembe. Chini ziwani, kwenye Cyangugu yenyewe, wengi hushuka ili kuvuka daraja kwenda Bukavu tu. Wanapita mbele ya maduka ya kale bila kuuliza ni nani aliyeuza humo.

Nasi tuna mengi ya kusimulia. Mwaka 1910 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walipatana juu ya mipaka, Rusizi ikawa mstari na kisiwa cha Ijwi kikabaki Kongo. Mwaka 1916 Wabelgiji wakawaondoa Wajerumani, na ng'ambo zote mbili zikatawaliwa na dola moja, hadi Kongo ilipopata uhuru 1960 na Rwanda 1962. Bukavu, iliyopata kuitwa Costermansville, ikawa mji mkubwa wa Kivu, na Cyangugu ikawa mlango wa kuiendea. Bendera zimebadilika, sambaza, unga na vitenge vimeendelea kuvuka. Vita vilipoingia Bukavu mwaka 2004, na tena Februari 2025, kila mchuuzi hapa alitambua kwamba riziki yake na ya jirani ni moja.

Sisi tuliorudi kutoka Kongo tulikuja na Kiswahili chetu cha sokoni. Mwaka 2017 lugha hiyo ilifanywa lugha rasmi ya Rwanda. Huo nao ni urithi wa mpakani.

Wapo watakaosema tumbo kwanza, historia baadaye. Nawajibu kwamba historia nayo hulisha. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, na kuta zake kuukuu zinawapa wengi kazi. Msitu wetu wa Nyungwe uliingia mwaka 2023. Mgeni anayeutembelea tunamwonyesha nini akifika mjini? London wameanza kubandika vibao kwenye nyumba zenye historia tangu 1867, na kibao si gharama ya kututisha.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wilaya iorodheshe majengo ya kale kabla ya kutoa kibali cha kubomoa. Anayekarabati duka aache uso wake wa mbele. Na shule ziwatume wanafunzi kwa wazee wakaandike habari za soko, wangali hai.

Wafanyabiashara wenzangu, sisi ndio wenye usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mji huu nao ni mali yetu. Daftari lake liko wapi?