Kamera Ndogo ya Nyumbani

Twaulizwa na akina mama: kamera ipi ndogo yafaa nyumbani? Msihadaike na wingi wa megapikseli, tazameni lenzi. Iliyofunguka f/1.8 hupokea mwanga karibu mara tano ya ile ya f/4, nayo ndiyo itakayomtoa nyanya vyema ukumbini baada ya Magharibi, pasi na kumulikwa machoni. Vyumba vya Mji wa Kale ni vyembamba. Lenzi ya milimita 28 huwaenea wote, ila walio pembeni nyuso huvutika. Lenzi za kubadilisha, kwa hewa yetu ya chumvi, twaziona mzigo.

Kubwa zaidi ni kadi. Picha za harusini, wanawake wakiwa bila buibui, simu yaweza kuzipandisha intaneti mwenyewe asijue. Za kamera iliyozimwa waifai hubaki kadini. Siku ya kuiuza, kadi ibaki nyumbani.