Shamba na Lipimwe kwa Mikono ya Kupalilia



Katika karatasi zetu hizi mmekwisha kusoma mara nyingi habari za kupanda mapema, za kupanda kwa mistari, na za kupalilia kwa wakati wake. Mimi mwenyewe nimeyasema maneno hayo barazani kwa miaka mingi, wala sikatai hata moja. Lakini siku moja ya mwezi wa Januari nilishika jembe tangu alfajiri hata jua kuchwa katika shamba la dada yangu, nikaona ya kuwa katika mafundisho yetu tumeacha neno moja kubwa. Neno hilo ndilo nitakalo kuwaambia leo.

Dada yangu ameolewa katika nchi ya Ugogo, upande wa Kongwa. Nilikuwa katika likizo, nikaenda kumsalimu yeye na mumewe. Nilifika jioni. Kulipopambazuka nikasikia majembe yakigongana uani, na dada akiniita: "Kaka, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini wewe si mgeni. Kwako siku ya kwanza ndiyo ya tatu." Nikacheka, nikapokea jembe, tukatoka watu watatu: dada, binti yake mkubwa, na mimi. Mwanawe wa kiume alikuwa amekwenda na ng'ombe. Shemeji alikuwa amealikwa na wazee wenzake chini ya mbuyu kwa shauri la mpaka, na shauri la mpaka, kama mjuavyo, halina haraka.

Shamba lile ni la ekari nne, lote mtama. Shemeji alikodi plau ya ng'ombe, akalilima lote kwa siku chache, akapanda mvua za kwanza za Desemba zilipolowesha udongo. Kwa hayo anastahili sifa, maana alifanya kama alivyofundishwa. Lakini plau hulima, haipalilii. Upande wa karibu na nyumba ulikuwa safi, kila shina la mtama limesimama peke yake. Katikati, majani na mtama vilikuwa kimo kimoja. Na upande wa mbali, wallahi, mimi mwalimu wa kilimo sikuweza kuutambua mtama mpaka nilipoinama.

Mtama katika majuma yake ya kwanza hukua polepole kwa juu, kwa kuwa hujishughulisha na mizizi chini. Majani hayangoji. Nalo jani lile lenye shina la maji na ua la buluu ni gumu kupita yote: ukilikata siku ya mawingu na kuliacha juu ya udongo uliolowa, kesho limeota tena pale pale. Huna budi kulikusanya na kulitoa shambani, au kulikata siku ya jua kali likauke.

Tulipopumzika saa nne nilipima kazi yangu kwa hatua, na jioni nikapima tena. Kwa siku nzima nilikuwa nimepalilia hatua 20 kwa hatua 18, na mikono yangu ilikuwa imetoka malengelenge. Dada alinipita kidogo, binti alikuwa nyuma yangu kidogo. Basi nikachukua kazi yangu kuwa kipimo cha mtu mmoja, nikapiga hesabu juu ya mchanga. Ekari moja kwa kipimo cha kijijini ni hatua 70 kwa 70. Mtu mmoja ataipalilia kwa siku 14 hivi. Ekari nne ni siku 56. Watu wawili, mama na binti, watazimaliza kwa siku 28. Tena hapo hatujahesabu siku za mvua, siku ya mnada, siku ya msiba, wala siku mtoto anapougua.

Sasa angalieni. Palizi ya kwanza yatakiwa iwe imekwisha kabla mtama haujapita majuma matatu tangu kuota. Wale wawili wakianza siku ile ile majani yanapoonekana, bado hawawezi kuiwahi. Upande wa mbali ulikuwa umekwisha kupotea siku ile shemeji alipoulima, wala hakuna aliyejua.

Nilimwuliza dada kwa nini hakufuata shauri langu la kila mwaka la kupalilia mapema. Hakuudhika. Aliegemea mpini wa jembe akasema, "Kaka, shauri lako ni zuri, ila lataka mikono mingi kuliko niliyo nayo." Ndugu zangu, nimepewa vyeti katika kazi hii, lakini sijapata kusahihishwa vema kama siku ile.

Wakati wa chakula shemeji alirudi, tukala ugali na mlenda. Nilimwonyesha hesabu yangu. Akasema, "Shemeji, tangu zamani kulima ni kazi ya wanaume, na palizi ni ya wanawake." Nikamjibu kwa heshima: zamani mwanamume alilima kwa jembe la mkono, na mke akapalilia kwa jembe la mkono, wote wawili walikwenda kwa mwendo mmoja. Leo mwanamume analima kwa ng'ombe, na pengine kwa trekta la kukodi, naye mke yu katika jembe lile lile la bibi yake. Kazi ya mume imefupishwa, ya mke imerefushwa. Je, hiyo ndiyo desturi ya wazee? Shemeji alinyamaza, akanawa mikono.

Najua mtakalosema. Mtasema ya kuwa mvua ya Ugogo haiaminiki, huja chache, nayo mara nyingi hukatika mwezi wa Februari; basi mtu akipanda padogo atakufa njaa, bora atawanye mbegu pengi. Neno hilo lina akili, nami siwacheki wanaolisema. Kuwa na mashamba mawili mahali mbalimbali, au kupanda kwa nyakati mbili, ni busara. Lakini majani nayo hunywa maji. Katika nchi ya mvua chache, mwenye kuacha majani shambani amewakaribisha wanywaji wengi kwenye mtungi mdogo. Hapo palizi ni sawa na kumwagilia. Ukame wa Februari ukija, mtama uliopaliliwa hukunja majani yake na kungoja. Ule uliosongwa hukauka.

Tena kuna kiduha. Jani hili hushika mizizi ya mtama na mahindi chini ya ardhi na kuinyonya, na utakapoliona limetokeza juu, limekwisha kukudhuru. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, nazo huweza kukaa ardhini hai zaidi ya miaka 10. Shamba kubwa lisilofikiwa huachia kiduha kitoe maua na kumwaga mbegu, na deni hilo hulipwa na watoto. Yafaa king'olewe kabla ya maua. Samadi hulipa shamba nguvu juu yake, na kupanda karanga kwa zamu hupunguza mbegu zake, kwani karanga huziamsha bila kuzilisha.

Sisi walimu tuna kosa letu. Tumezoea kumsifu mtu kwa wingi wa ekari alizofungua, na maonyesho yakifika twauliza, "Umelima ngapi?" Hatuulizi, "Umepalilia ngapi?" Wala kosa hili si la wadogo tu. Pale pale Kongwa, mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilianzisha mashamba makubwa ya karanga. Ilikusudiwa mwaka ule wa kwanza zipandwe ekari 150,000. Zilipandwa kadiri ya 7,500. Udongo ule wa kiangazi ulishinda majembe ya mashine, mvua ikawa haba, na mwaka 1951 shauri lote likaachwa. Fedha zilikuwa tele, mashine zilikuwa tele, lakini eneo lilipimwa kwa tamaa kabla ya kupimwa kwa uwezo. Mtaka yote hukosa yote.

Basi hili ndilo neno langu: shamba lisipimwe kwa nguvu ya plau, lipimwe kwa mikono ya kupalilia. Kabla ya kumwita mwenye ng'ombe, hesabu watu wa nyumbani mwako watakaoshika jembe katika majuma yale matatu. Pima siku moja kazi ya mtu mmoja kwa hatua, kama nilivyofanya mimi, kwa maana udongo wako si wangu. Kisha lima kadiri ile, usizidishe. Na ukitaka kuzidisha, zidisha mikono kwanza: baba ashike jembe, kijana ashike jembe, na majirani wapalilie kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Katika nyumba ya dada yangu, watu wanne wangemaliza ekari tatu kwa siku kama 11. Watu wawili wangehitaji majuma matatu kamili, bila kukosa hata siku moja.

Kesho yake alasiri shemeji alikuja shambani na jembe begani, hakusema kitu, akaanza mstari wa pembeni. Ile ekari ya mbali tulikubaliana kuiacha. Mvua iliyofuata wakaigeuza kwa plau na kupanda kunde. Sitawaambia ya kuwa shemeji alikuja kila siku, kwa kuwa hakuja. Shauri la mpaka lilimwita tena. Lakini alikuja siku nyingi kuliko alizokosa, na mwanawe akapata wa kupokezana naye ng'ombe.

Nilirudi baada ya mavuno. Dada alinipeleka kwenye kihenge, akanifunulia mtama, akaniambia, "Huu ni wa upande wa nyumbani na wa katikati." Nikauliza habari za ule uliopaliliwa mwisho. Akanionyesha ng'ombe zizini wakitafuna mabua.

Nanyi wanaume wenzangu, msione haya. Jembe la palizi halimpunguzii mtu ndevu. Aliye na haya na akapige hatua 20 kwa 18 katika shamba la mkewe siku moja tu, kisha jioni aje barazani atuambie ekari ngapi zafaa kulimwa mwaka ujao.

Ni mimi mwenzenu,
Mwalimu wa Kilimo