Tuseme na watoto wetu wa materneli

Wazazi, asubuhi moja mama alileta mtoto wake wa miaka mitano kwenye chumba chetu cha matibabu, mwili moto. Nikamwuliza mtoto: "Unaumwa wapi?" Mtoto akamtazama mama yake. Mama akamwambia ajibu kwa Kifaransa, sababu anasoma materneli ya Kifaransa, na kwao Kiswahili kimekatazwa nyumbani. Mtoto akanyamaza. Nikauliza tena, akanyamaza tena. Mama alipotoka kidogo kuchukua karatasi ya matibabu, mtoto akaniambia pole pole: "Sikio."

Nikatazama ndani: usaha, tena wa siku nyingi. Mama aliporudi akanieleza kwamba mwalimu analalamika, mtoto hasikilizi, ni mvivu, na baba alikwisha kumpiga kwa ajili ya hayo. Kumbe hakuwa mvivu. Hakuwa anasikia vizuri. Na maneno ya kutuambia hivyo hakuwa nayo kwa Kifaransa, na kwa Kiswahili hakuwa na ruhusa.

Simcheki mama yule. Mimi mwenyewe nilifanya vile na mtoto wangu wa kwanza. Kifaransa changu ni cha shule ya ufundi: kinatosha kuandika ripoti na kusoma maandishi ya dawa, hakitoshi kumweleza mtoto kwa nini mvua inanyesha. Basi nilimwambia "kaa", "njoo", "kula", na mazungumzo yetu yaliishia hapo. Bibi yangu ndiye aliyeniambia: mtoto huyu unamwamuru, husemi naye.

Mawazo yangu ni haya. Kazi kubwa ya mzazi wa mtoto wa materneli si kuwa mwalimu wa pili wa Kifaransa. Ni kusema na mtoto, kila siku, katika lugha ambayo mzazi anaijua sana. Mtoto anayejua kuhesabu mpaka kumi kwa Kiswahili, kazi yake darasani ni kujifunza majina mapya ya hesabu anayoijua tayari. Mtoto asiyejua kuhesabu katika lugha yoyote ana kazi mbili pamoja. Kama baba na mama wanakijua Kifaransa kweli kweli, wakiseme, hakuna ubaya. Lakini Kiswahili si lugha ya kuonea haya: ni moja ya lugha nne za taifa letu, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa zitumike katika kufundisha.

Wengine watasema: muganga, sina wakati, nafanya zamu. Najua. Baba anatoka kazi ya usiku, analala mchana, watoto wanaambiwa: nyamazeni, baba amelala. Ni haki alale, maana mtu mwenye usingizi mbele ya mashini anajiua na anaua wenzake. Lakini juma lote likipita hivyo, neno la baba ambalo mtoto amelisikia ni moja tu: nyamaza. Ukiamka, kabla ya kwenda kazini, kaa naye dakika kumi na tano. Mwonyeshe kofia yako ya kazi, mwulize ni ya nini, na umwache ajibu mpaka mwisho, hata akikosea. Kesho atakuuliza habari ya viatu, kesho kutwa habari ya taa. Maswali hayo yanachosha, ninakubali, lakini ndiyo masomo yenyewe.

Mama naye hahitaji kununua kitu. Akichagua maharage, mtoto ahesabu. Akipanga sahani, mtoto aseme ipi kubwa, ipi ndogo. Wakirudi sokoni, asimulie alichokiona njiani, kwa mpango: kwanza nini, halafu nini. Nkambo akiwa nyumbani, msimkatize hadithi zake za Kalulu, hata akizisema kwa Kibemba ao Kisanga. Televizio inasema sana, lakini haimngojei mtoto ajibu.

Tena mfundisheni kusema jina lake lote, jina la baba na mama, na nyumba yenu iko wapi kambini. Mtoto aliyepotea ao aliyeumia, maneno hayo yanamrudisha kwenu upesi.

Usingizi pia: mtoto wa miaka mitatu ao minne anahitaji saa 10 mpaka 13 kwa siku, na ndani ya chandarua. Mtoto anayekesha na wakubwa, asubuhi anasinzia mbele ya mwalimu.

Sasa nirudi kwenye sikio. Mkiona mtoto anaongeza sauti ya redio kila mara, ao haitiki akiitwa kwa nyuma, ao anasema "nini?" mara nyingi, msimpige. Mleteni. Usaha ukitoka sikioni, msingoje ukauke wenyewe. Ukipita majuma mawili ni ugonjwa wa kudumu, na unaweza kupunguza kusikia. Msitie mafuta, wala maziwa ya mama, wala maji ya majani. Muganga atawaonyesha namna ya kukausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, na mtarudia nyumbani mara tatu kwa siku ao zaidi. Leteni karatasi ya matibabu ya mtoto. Kama imepotea, kujeni hivyo hivyo, na mwacheni mtoto mwenyewe atuambie anaumwa wapi.