Tusiwe Nyuki Wadoezi



Ndugu zangu wanafunzi na wazazi, sura ya 16 ya Qur'ani Tukufu inaitwa An-Nahl, yaani Nyuki. Kila tunapoisoma humsifu mdudu huyu kwa bidii yake. Leo nataka tumtazame nyuki asiyefanya kazi.

Anatoka eneo la Cape, kusini kabisa mwa Afrika. Mwaka 1990 wafugaji wa Afrika Kusini walihamisha makundi yake kwenda kaskazini mwa nchi yao, wanakoishi nyuki wa aina iliyopo pia hapa Tanzania. Huko nyuki kibarua wa Cape huingia katika mzinga wa wenzake na kutaga mayai, nayo hutoa majike bila ya dume. Wenyeji humlisha kama malkia na kuyalea majana yake. Yakikua hayatafuti chavua wala mbochi, nayo hutaga tu. Malkia wa nyumba hutoweka, watafutaji huzeeka na kufa bila warithi, na mzinga hufa. Wadoezi huhamia mzinga mwingine. Maelfu ya makundi yaliangamia hivyo.

Sasa tujitazame. Asubuhi ya baridi ya Sumbawanga, nani huchota maji ya udhu? Nani hufagia na kukunja majamvi? Mara nyingi ni wale wale watatu au wanne. Lakini siku ya Maulidi, pilau ikiiva, tunajaa wote!

Wengine husema, "Mimi bado mdogo." Mzingani, nyuki mchanga ambaye hajaanza kutoka nje husafisha vyumba vya sega na kulisha majana. Udogo haukumpa ruhusa ya kukaa bure.

Simsemi yatima, mgonjwa, mgeni wala mzazi aliyekosa ada. Hao wana haki juu yetu. Namsema mwenye nguvu anayemwachia mwenzake mzigo.

Rai yangu ni kwamba kila darasa liwe na zamu zilizoandikwa ukutani, na wazazi wasiwaombee watoto wao udhuru usio wa kweli. Mwalimu anayejitolea na wanafunzi wachache wakichoka, mlango wa madrasa utafungwa. Nyuki mdoezi huhamia mzinga mwingine. Sisi tutahamia wapi?

Wabillahi tawfiq.