Kuuanza Mwaka kwa Kimya

Limetolewa shauri katika idara yetu kwamba kila mwaka uanzapo, waalimu wote wapelekwe pwani ya Kilwa kwa siku tatu, wakae pamoja kimya, wataamali, wavute pumzi kwa hesabu, kisha warudi wakiwa na nyoyo safi. Wenye shauri hili ni rafiki zangu na nia yao ni njema. Nalipinga. Wala silipingi kwa kusikia, maana kati yetu sote mimi ndiye niliyetangulia kwenda huko.

Nilikwenda Kilwa Masoko mwanzoni mwa Januari. Tulikuwa watu kumi na wanane, wengi wa Dar es Salaam na wachache wageni wa Ulaya. Ada ilikaribia nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Simu zetu zilikusanywa kikapuni, tukatandikiwa mikeka katika banda la makuti lililoelekea bahari, na mkufunzi akatufundisha kufumba macho na kuitazama pumzi iingiapo na itokapo, kama bawabu awatazamavyo wapitao mlangoni. Sitaficha faida niliyoipata. Usiku wa kwanza nililala usingizi ambao sikuwa nimeuonja kwa miaka. Kaskazi ilivuma, na kichwa changu, ambacho kwa kawaida ni soko, kilifunga maduka yake mapema.

Siku ya pili, alfajiri, alipita ufukweni mzee mmoja mvuvi, kasia begani, akatukuta tumekaa safu tatu. Akatoa salamu: "Asalaam alaikum." Hakujibu mtu. Tulikuwa tumekula ahadi ya kutosema. Akangoja kidogo, akairudia salamu yake. Kisha akamgeukia kijana aliyekuwa akifagia, akamwuliza kwa sauti ya chini, sauti ya adabu, "Wamefiwa hawa?"

Msomaji ajua kwamba katika pwani yetu kutoa salamu ni hiari, na kuirudisha ni wajibu. Mimi, mzaliwa wa pwani, nilimwacha mtu wa umri wa baba yangu asimame na salamu yake kama mtu aliyeleta mzigo akaikuta nyumba imefungwa. Na wakati huo huo nilikuwa nikijiona nimo katika mazoezi ya upole.

Jioni tulifundishwa kusamehe. Kila mtu alitakiwa amlete moyoni yule aliyemkosea, amtazame, kisha amwachilie. Nilimleta ndugu yangu, ambaye hatujasemezana miaka minne kwa ajili ya shamba la mikorosho aliloliacha marehemu baba upande wa Mchinga. Nikamwachilia, hata machozi yakanitoka. Nikarudi Dar es Salaam nikiwa mwepesi. Yapata mwezi ukapita kabla sijatambua kwamba ndugu yangu hana habari. Nilikuwa nimemsamehe pasipo yeye kujua, tena pasipo kumwuliza kama si mimi niliyestahili kuomba msamaha. Na Mchinga toka Kilwa si mbali. Ni mwendo wa saa chache kwa basi kuelekea Lindi. Mimi nilipanda la kaskazini.

Hapa ndipo penye ugomvi wangu na kimya hiki. Husafisha mtu mmoja mmoja, na uchafu wetu mwingi hauko ndani ya mtu mmoja, uko kati ya watu wawili. Tulikaa kumi na wanane pamoja siku tatu, na wengi tuliachana bila ya kujuana majina.

Wazee wa pwani hii walikuwa na mwaka mpya wao, Nairuzi, au Siku ya Mwaka. Ni mwaka wa siku 365, uhesabiwao kwa miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada ziitwazo gatha. Kwa hesabu hiyo mabaharia walijua pepo zao na wakulima walijua mvua zao. Na kwa kuwa hauongezewi siku kila mwaka wa nne, hurudi nyuma polepole katika kalenda ya Kizungu. Siku hizi mwanzo wake waangukia Julai. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliiandika Siku ya Mwaka katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903. Makunduchi, Unguja, husherehekewa hata leo. Wanaume hupigana kwa migomba mpaka hasira za mwaka uliokwisha ziishe. Kibanda cha makuti huchomwa moto na mtu yumo ndani, akatoka mbio. Wanawake huimba na kusema waliyoyaficha. Na nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huonekana ina mkosi. Najua kwamba sasa kamera za watalii zimekuwa nyingi kuliko migomba. Hata hivyo, yatazameni mambo yenyewe: hakuna hata moja ambalo mtu aweza kulifanya peke yake.

Bibi yangu, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, alituamsha kabla ya jua tukaoge bahari siku hiyo. Lakini kuoga ndiko kulikuwa mwisho wa kazi. Siku ya kuamkia alikuwa amekwisha zunguka mtaa mzima, mlango kwa mlango, akilipa kibaba cha mchele alichokopa na kuuliza, "Kuna neno baina yetu?" Palipokuwa na neno, alikaa. Mara nyingine alirudi usiku, sauti imemkauka.

Nimejibiwa mambo mawili. Wa kwanza asema kwamba Nairuzi ni ya Kiajemi, tena ina chembe za ushirikina, haifai kwa mtu aliyesoma. Ni ya Kiajemi kwa jina, ndiyo. Na Januari ni ya Kirumi, imepewa jina la mungu wa Kirumi wa milango. Mtu aliyemeza mungu mzima wa Roma asilie kwa kukwamwa na mwiba wa Uajemi.

Wa pili ana hoja nzito zaidi. Asema taamuli imekwisha kuwa ya ulimwengu wote, maana mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 21 Desemba kuwa siku yake. Asema tena kwamba kimya si kigeni kwetu, kwani tuna itikafu, tuna halwa za masufi, na pwani ya Kilwa na Lindi ni nchi ya tarika. Ni kweli. Kilwa ilikuwa makao ya Sheikh Hussein bin Mahmud, kiongozi wa Shadhiliya katika Tanganyika. Na mwaka 1908 ile iliyoitwa barua ya Makka iliposomwa Lindi, misikiti ikajaa watu wa kutubu hata Wadachi wakaingiwa na hofu. Lakini itikafu hufanywa katika msikiti wa mtaa, na futari huletwa na jirani ambaye jana ulimtukana. Aingiaye halwa huingizwa na sheikh anayemjua yeye na nyumba yake, na atokapo humkuta sheikh huyo mlangoni. Katika zikiri pumzi za safu nzima huwa moja, na ukikohoa mwenzio hujua. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akasimulia habari za Sultani al-Hasan bin Sulaiman: alipotoka katika sala ya Ijumaa, fakiri mmoja alimwomba nguo alizozivaa, naye akazivua akampa. Hadithi hiyo ina mkia mbaya wa watumwa na pembe za ndovu, nami siusifu. Nataja tu kwamba sultani, akitoka ibadani, alimjibu mtu aliyemsemesha njiani.

Sasa turudi idarani. Tunao waalimu wawili, wote mabingwa, ambao mwaka wa tatu huu hawaamkiani ukumbini. Kila mtu ajua, na kila mtu hujifanya hajui. Mkiwapeleka Kilwa wakae kimya siku tatu, mtakuwa mmewagharimia kufanya kwa fedha lile walifanyalo bure.

Mimi nimependekeza kwamba sehemu ndogo ya fedha hiyo inunue mchele na mbuzi, tule pilau barazani siku ya kwanza ya muhula, wanne wanne kwa sinia, na majina ya kila sinia yapangwe na mwenye kuwajua watu. Wenzangu wamecheka. Kura itapigwa mwisho wa mwezi.

Kabla ya siku hiyo nitakwenda Mchinga, kwa kuwa siwezi kuwadai wengine deni ambalo mimi mwenyewe sijalilipa. Nauli yake haifiki hata sehemu ya kumi ya ada niliyoilipa Kilwa. Yamkini ndugu yangu hataijibu salamu yangu.