Jino Limeng'olewa, Taya Limevimba: Usinyamaze



Mama mmoja alifika kwenye zahanati yetu akiwa amejifunika kanga usoni. Siku tisa kabla yake alikuwa ameng'olewa jino katika kituo kingine. Taya lilikuwa limevimba, usaha ulitoka, na mdomo ulifunguka kwa shida. Nilimpa barua aende hospitali ya wilaya siku ile ile. Huko walikuta kipande cha mzizi kimebaki ndani.

Nilipomwuliza kama alirudi kulalamika, alinijibu, "Mwanangu, mimi ni nani hata nimshtaki mganga?"

Jibu hilo liliniuma. Mgonjwa haombi hisani. Anadai haki yake.

Lakini tuelewane. Si kila shida baada ya kung'oa jino ni kosa. Maumivu na uvimbe kidogo kwa siku mbili tatu ni jambo la kawaida. Hata mzizi unaweza kukatika mikononi mwa daktari hodari. Kosa ni kukosa uangalifu: kung'oa jino zima na kuacha lililooza, kutumia vyombo visivyotakaswa, au kujua kuwa mzizi umebaki na kumficha mgonjwa.

Ukipatwa na shida, fanya hivi:

1. Tibiwa kwanza. Uvimbe ukifika chini ya kidevu au shingoni, au ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, kimbilia hospitali. Hiyo ni hatari ya kifo.

2. Tunza cheti, risiti na picha ya eksirei. Andika tarehe na mambo yaliyotokea. Asiyejua kuandika amwombe mwenzake.

3. Peleka malalamiko kwa mganga mfawidhi wa kituo. Usiposikilizwa, nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

4. Daktari wa meno anaweza kushtakiwa mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017. Baraza likimwona ana hatia, laweza kumwadhibu, hata kumfuta katika daftari.

5. Ukitaka fidia, nenda mahakamani. Utatakiwa kuthibitisha kwamba uzembe ndio ulioleta madhara. Madai hayo yafunguliwe kabla ya miaka 3 kupita. Kama kituo ni cha serikali, toa kwanza notisi ya siku 90. Asiye na uwezo aombe msaada bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Wenzangu wengine watasema ninawachongea. Sivyo. Mgonjwa akinyamaza, mganga hajui alipokosea, na atakayekaa kitini kesho ataumia vile vile. Nami ni kijana, bado ninajifunza kazi. Nikikosea, njooni mniambie. Nisiposikia, nendeni kwa mkubwa wangu.